Vikaratasi, kuruka, matabaka au klasta: uchote sampuli ipi kabla hujaingia mtaani

Mnunuzi wa mpunga anayejua kazi yake hafungui magunia yote. Anachukua bambo, kile kichuma chenye mfereji, anachoma hapa anachoma pale, punje zinateremka kiganjani, anaziangalia, anataja bei ya ghala zima. Na muuzaji naye mjanja, magunia mazuri keshayapanga mlangoni. Ugomvi wote wa sampuli, yaani wale wachache unaowahoji kwa niaba ya wote, uko hapo: bambo lako linachoma gunia lipi, na hilo gunia kakuchagulia nani, bahati au muuzaji?

Naandika hii kwa sababu kila msimu wa proposo za utafiti swali ni lile lile, "kaka nichukue watu wangapi?", na anayeuliza mara nyingi keshapiga fomula ya Yamane, ile ya kukadiria idadi ya kuhoji, kapata mia tatu na ushee, anataka tu umwambie sawa. Fomula yenyewe haina ubaya: idadi ya wote, gawanya kwa moja jumlisha idadi hiyo hiyo mara kipeo cha pili cha kosa unalolivumilia. Kata yenye kaya 6,000 kwa kosa la asilimia 5 inakupa 375. Weka 60,000 unapata 397. Weka Watanzania wote 61,741,120 wa sensa ya 2022 unapata 400. Umeona hiyo? Kutoka kata moja mpaka nchi nzima umeongezewa 25 tu. Kwahiyo ukubwa wa kundi zima sio unaokutesa. Kinachokutesa ni kwamba ile 400 imehesabiwa kama vile umechota kwa bahati tupu, kila mmoja na nafasi sawa, bila kumtegemea jirani yake. Ukibadili namna ya kuchota, kwenye ripoti itaendelea kusomeka 400 ila nguvu yake sio ile tena, inaweza ikawa ya 200, na mwenyewe hujui.

Basi tulinganishe njia nne ambazo watu wanazitumia sana huku mtaani. Mfano uwe mmoja mwanzo mwisho: kata ya kufikirika, kaya 6,000, mitaa 12, unataka kujua asilimia ngapi wanapikia gesi ili uongee kuhusu kata nzima, na una uwezo wa kuhoji kaya 400.

Vigezo kwanza

Nitazipima zote kwa mambo matano. Listi: je inabidi uwe na orodha ya kila mtu kabla hujaanza? Nauli: boda ngapi, siku ngapi. Usahihi: kwa idadi ile ile ya 400, kosa linakuwa kubwa kiasi gani. Vijikundi: ukitaka kusema kitu kuhusu kikundi kidogo ndani ya kundi zima, utaweza? Na la mwisho watu huwa hawaliweki kwenye vitabu, mwanya: kijana wako wa dodoso akichoka jua la saa nane, ana nafasi gani ya kujichagulia nyumba yenye kivuli.

Hapo kwenye usahihi tuelewane mapema. Kaya 400 zilizochotwa kwa bahati tupu zinakupa kosa la kama asilimia 5 juu na chini. Wakisema gesi 42 kati ya kila 100, wewe sema kati ya 37 na 47, na maana yake ni kwamba ungerudia kuchota upya mara 20, kama mara 19 hivi hilo pengo lingeudaka ukweli. Ukitaka kosa lipungue nusu, yaani 2.5, usidhani ni 800. Ni 1,600. Hapo ndo wengi wanaanza kuipenda asilimia 5.

1. Vikaratasi (nasibu ya kawaida)

Majina yote kwenye kofia, unatikisa, unachota 400. Siku hizi kofia ni Excel: majina kwenye safu moja, pembeni unaweka RAND, fomula inayotoa namba za bahati, unapanga kwa hiyo safu, unachukua 400 za juu. Baada ya kupanga gandisha hizo namba, maana RAND inajibadilisha kila ukigusa kitu na supavaiza akikuuliza kesho hutaweza kumwonyesha orodha ile ile.

Listi: bila listi kamili hii njia haipo. Na listi za mtaani zina mambo yake. Nishazunguka asubuhi nzima namtafuta mtu mmoja wa kwenye daftari, kumbe kahama zamani, na kwenye nyumba yake kuna kaya tano za wapangaji ambazo daftari halizijui kabisa. Daftari la mtaa mara nyingi limeandika mwenye nyumba, na kwenye nyumba zetu za vyumba sita na uwani mmoja, mwenye nyumba ndo anapikia gesi, wapangaji mkaa. Ukichota kwenye daftari hilo umeshachoma gunia la mlangoni, hata kama Excel imechanganya vizuri namna gani.

Nauli: inauma. Kaya 400 zimetawanyika mitaa yote 12, leo moja huku kesho mbili kule.

Usahihi: hii ndo rula tunayopimia nyingine zote, kosa ni ile 5 tuliyosema.

Vijikundi: bahati haina huruma, mtaa mdogo unaweza ukaambulia kaya tatu.

Mwanya: mdogo, kwa sababu jina limeandikwa. Hatari inakuja pale mwenye jina hayupo na kijana anagonga kwa jirani. Usikubali kirahisi, wasiokuwepo mchana ndo hao waendesha boda na wamachinga, na wanaokuwepo ni watu wa aina nyingine. Rudini jioni, rudini jumapili.

Inamfaa mwenye listi iliyofungwa tayari: wafanyakazi wa kiwanda kimoja, wanafunzi wa shule, wanachama wa SACCOS, wateja ambao namba zao za simu unazo. Ukipiga simu suala la nauli linakufa kabisa na vikaratasi vinakuwa rahisi kuliko zote.

2. Kuruka (kila wa 15)

6,000 gawanya kwa 400 ni 15. Unachota namba moja ya bahati kati ya 1 na 15, tuseme imetoka 7, basi unamchukua wa 7, wa 22, wa 37, unaendelea hivyo mpaka mwisho. Watu wanasahau huo mwanzo wa bahati, wanaanza na wa kwanza kwa sababu ndo yuko karibu na gari.

Listi: sio lazima, na huu ndo utamu wake. Foleni inatosha. Watu wanaotoka zahanati, magari yanayopita mzani, wateja wanaotoka dukani, unahesabu tu vidole. Ila angalia siku uliyokwenda, maana kliniki ya wajawazito na kliniki ya sukari zina siku zake, na ukiruka kila wa tano kwa siku moja umeijua siku hiyo tu.

Nauli: ukiwa na listi ni sawa na vikaratasi, ukiwa na foleni ni karibu bure.

Usahihi: kawaida inalingana na vikaratasi, na kama listi imepangwa kwa maana fulani, mfano mtaa kwa mtaa, inaweza hata kuzidi kidogo kwa sababu inajigawa yenyewe kila kona. Tatizo lake ni moja ila likikupata limekupata: mpangilio unaojirudia. Fikiria vikundi vya VICOBA ambavyo wanachama wamegawanywa watano watano, na katibu kaandika kiongozi wa kila watano juu. Ukiruka kila wa tano ukaanza na namba moja, umehoji viongozi watupu. Nyumba za kota nazo ni hivyo hivyo, tuseme kila ya kumi iko kona, na ya kona ndo yenye fremu ya duka. Pitisha macho kwenye listi kabla ya kuruka, dakika tano tu.

Vijikundi: kama vikaratasi, bahati yako.

Mwanya: wa kati. Kwenye foleni kijana anaweza kumruka mzee mwenye sura ya ukali akamchukua dada anayecheka. Mpe kanuni isiyo na mjadala, na ahesabu pia waliokataa.

Inamfaa mwenye foleni au mwenye rundo la mafaili kabatini, na asiye na kompyuta.

3. Matabaka

Unagawa kundi zima kwanza kwa kitu unachokijua, mjini na vijijini, wanaume na wanawake, Bara na Visiwani, halafu ndani ya kila tabaka unachota kwa vikaratasi au kwa kuruka.

Kwanini ujisumbue? Chukua Zanzibar. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 1,889,773, yaani kama asilimia 3 ya Muungano. Ukichota Watanzania 1,200 kwa bahati tupu, Wazanzibari watakuwa kama 37, na kwa watu 37 kosa lako ni kama asilimia 16 juu na chini, hapo hujui kitu, umebahatisha. Kenya ndo balaa zaidi, Lamu kwa sensa ya 2019 ilikuwa na watu 143,920 kati ya 47,564,296, hivyo kwenye sampuli ya 1,200 ni watu wanne. Wanne! Halafu mtu anachora grafu ya kaunti 47. Kwahiyo anayetaka kuisemea Zanzibar anaifanya tabaka lake, anachota huko watu wengi kuliko haki yake, tuseme 400 kule na 800 Bara.

Ila ukishafanya hivyo umejibebesha deni la hesabu. Kwenye sampuli hiyo Zanzibar ni theluthi wakati kwenye nchi ni asilimia 3, ukijumlisha majibu yote kienyeji ukasema "Watanzania wanasema", umewapa Wazanzibari sauti mara kumi na moja ya idadi yao. Inabidi kila jibu lipewe uzito wake: la Zanzibar lishushwe, la Bara lipandishwe, ndo ujumlishe. Nimeona ripoti nzuri kabisa zikiharibikia hapa, kila kitu kimefanywa vizuri uwanjani halafu mwishoni mtu kapiga wastani wa kawaida tu.

Listi: unahitaji listi kwa kila tabaka, au walau ujue kila tabaka lina wangapi. Hiki ni kigezo kigumu kuliko cha vikaratasi.

Nauli: haikuokolei kitu, bado wametawanyika.

Usahihi: mzuri, mara nyingi unazidi vikaratasi kwa 400 zile zile, lakini pale tu matabaka yanapotofautiana kweli kwenye hicho unachokiuliza. Kwenye gesi, mitaa ya katikati na ya pembezoni inatofautiana, basi gawa hivyo. Kugawa kwa herufi ya kwanza ya jina hakukupi chochote.

Vijikundi: hapa ndo nyumbani kwao.

Mwanya: sawa na njia uliyoitumia ndani ya tabaka.

Inamfaa mwenye swali la kulinganisha, na mwenye mtu wa kumpigia uzito bila kukosea.

4. Klasta

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo njia inayotumika kuliko zote na ndo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Badala ya kuchota kaya unachota kwanza vipande vya eneo, halafu unaingia ndani ya vilivyotoka tu. Kata yetu igawe vipande 120 vya kaya kama 50, chota vipande 20, ndani ya kila kimoja hoji kaya 20. Ndo zile 400. Kama vipande vimezidiana ukubwa, kikubwa kipewe nafasi kubwa ya kutoka, halafu idadi ya kuhoji iwe sawa kila mahali, hapo mwisho wa siku kila kaya inakuwa na nafasi karibu sawa.

Listi: hii ndo raha. Unahitaji listi ya vipande, sio ya watu. Ukishapata vipande 20 unaenda kuorodhesha kaya za humo tu, na wakati huo ndo unawakamata wale wapangaji ambao daftari linawasahau. Tafiti kubwa za afya ndo zinafanya hivi. Ule wa Tanzania wa 2022 ulichota maeneo 629 ya kuhesabia watu, kila moja kaya 26, jumla 16,354. Wa Kenya mwaka huo huo ulichota klasta 1,692, kila moja kaya 25, jumla 42,300. Ukishangaa Kenya ilikwenda wapi na kaya zote hizo, ni kwa sababu walitaka kila kaunti iwe na jibu lake, rudi kwenye habari ya Lamu hapo juu.

Nauli: hakuna inayoifikia. Gari linawashusha, mnamaliza kipande kwa siku moja, mnahamia kingine.

Usahihi: sasa hapa ndo bei inalipwa. Majirani wanafanana. Bomba la maji likipita mtaa, kaya zote 20 zitakwambia tuna maji, lisipopita zote zitakwambia hatuna, kwahiyo umehoji watu 20 umepata jibu moja lililorudiwa mara 20. Gesi haifanani kiasi hicho lakini nayo inafanana. Tuseme kufanana kwa majirani ni 0.05, kwa kipimo ambacho 0 ni hawafanani kuliko watu baki na 1 ni wote jibu moja, kiwango ambacho kwenye maswali mengi ya kaya sio cha ajabu. Toa moja kwenye 20 inabaki 19, zidisha kwa 0.05 ni 0.95, jumlisha moja ni 1.95. Kaya zako 400 zina nguvu ya kaya 205 za vikaratasi, kosa limetoka 5 limefika karibu 7. Ukiwa mvivu zaidi ukachukua vipande 10 vya kaya 40, nguvu inashuka mpaka kaya 136 hivi na kosa linapita 8. Ukijikaza ukachukua vipande 40 vya kaya 10, unapata nguvu ya 276, kosa linakaribia 6. Watu ni wale wale 400, fomula ya Yamane haijui tofauti hizi hata moja. Ushauri wangu kwenye klasta ni huo mmoja: ongeza vipande, usiongeze watu ndani ya kipande.

Shirika la Afya Duniani lilikuwa na mtindo wake maarufu wa kupima chanjo, klasta 30 mara watoto 7. Hiyo 7 haikutoka hewani. Kwa kosa la asilimia 10 watoto 96 wangetosha kwa vikaratasi, wakazidisha mara mbili kulipia hiyo kufanana, ikawa 192, na 30 mara 7 ni 210, inapita kidogo. Ilikuwa rahisi sana na ilisaidia sana, ila mlango wake wa nyuma ulikuwa kwenye kuchagua nyumba ya kwanza: mnasimama katikati ya kijiji, mnazungusha chupa au kalamu, mnafuata inakoelekea, mnapata nyumba ya kuanzia halafu mnakwenda mlango wa karibu unaofuata. Walio karibu na katikati, barabarani, wanatoka mara nyingi kuliko wa bondeni, na wa bondeni wanaweza kuwa ndo wenye watoto wasiochanjwa.

Vijikundi: dhaifu, labda uchanganye na matabaka.

Mwanya: mkubwa. Ukimwambia kijana "hoji kaya 20 humu" bila orodha, atahoji 20 za karibu na barabara, na ukimbana sana atazijazia chini ya mwembe. Orodhesha kwanza, wewe mwenyewe ndo uchote, umkabidhi namba za nyumba.

Inamfaa mwenye eneo kubwa, bajeti ndogo inayompa mawazo, hana listi, na anakubali kuongeza idadi kulipia upungufu.

Na ile fomu ya maswali unayoisambaza WhatsApp?

Hiyo siipimi na vigezo vile vile kwa sababu bahati haimo kabisa, anayejibu kajichagua mwenyewe. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi za kura ya maoni kama milioni 10 kwa watu ambao majina yao yalitoka sana kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, zikarudi kama milioni 2.4, likatangaza Landon atamshinda Roosevelt kwenye uchaguzi wa rais. Roosevelt akapata karibu asilimia 61 ya kura. Miaka ile uchumi ulikuwa umeporomoka, mwenye simu na gari sio kila Mmarekani, na kati yao aliyejisumbua kurudisha kadi ana hasira zake. Milioni 2.4 hazikusaidia. Fomu yako ya majibu 300 ni nzuri kwa kujaribu maswali kama yanaeleweka, na kupata mawazo, basi.

Sasa wewe uko wapi

Unafanya utafiti kwenye taasisi moja na ofisi imekupa listi kamili: vikaratasi, usijitese. Kama idara moja ni ndogo na lazima uiseme, fanya idara kuwa matabaka.

Uko getini, zahanati, sokoni, mzani: ruka, lakini tawanya siku na saa.

Unataka kulinganisha Unguja na Pemba, au wenye ulemavu na wasio nao, au kaunti na kaunti: matabaka, na tafuta kabisa mtu wa kukupigia uzito kabla hujaandika bajeti, sio baada.

Wilaya nzima, gari moja, siku kumi: klasta. Usipungue vipande 30 kama unaweza, na ile namba ya Yamane izidishe mbili kabla ya kuipeleka kwa mfadhili. Akilalamika mwonyeshe habari ya bomba la maji.

Ukiwa na nguvu kidogo zaidi, changanya, hakuna sheria inayokataza. Tafiti kubwa nilizozitaja zinafanya hivyo hivyo: juu matabaka ya mikoa au kaunti, mjini na vijijini, ndani yake klasta, ndani ya klasta kaya zinachotwa kwenye orodha mpya. Afrobarometer, wale wanaokusanya maoni ya wananchi Afrika, nao kwenye sampuli zao za watu 1,200 au 2,400 wanagawa kwa matabaka halafu wanahoji watu 8 kwa kila eneo, na hiyo 8 sasa unajua kwanini sio 40.

Na kama tayari umeshakusanya, majibu 300 ya fomu yako kwenye simu na dedilaini ni ijumaa, usitupe. Kila mahali ulipoandika "wakazi wa kata hii" futa, andika "waliojibu", ile sentensi ya kosa la asilimia 5 ifute yote, halafu peleka.